Vayalar, na wale waliosema anapoteza ushairi wake kwenye sinema

Tarehe 27 Oktoba 1946 askari wa dola la kifalme la Travancore waliwapiga risasi wafanyakazi kwenye kijiji kinaitwa Vayalar, karibu na Cherthala, kusini mwa India, watu wa kusokota kamba za makumbi na wavuvi na vibarua wa mashamba waliokuwa wamechoshwa na utawala wa Ramaswami Iyer, waziri mkuu wa mfalme wao. Kijana mmoja wa kijiji hicho, wakati huo ana miaka 18, mtoto wa ukoo wa kifalme aliyesomeshwa Kisanskriti tangu mdogo, akaja kuwa mshairi mkubwa na jina la kijiji likawa ndo jina lake, Vayalar Ramavarma, na alipofariki yeye mwenyewe ilikuwa tarehe 27 Oktoba vilevile, mwaka 1975, ana miaka 47 tu. Mie kila nikiifikiria hii tarehe nasisimka wallahi.

Hapa Muscat huwezi kuishi usimjue mtu wa Kerala, jimbo la India ambako kijiji cha Vayalar kiko leo. Yuko dukani, yuko hospitali, yuko benki. Sisi wa asili ya Zanzibar tumekutana nao huku ugenini, na kazini kwetu kuna kaka mmoja mtu wa Alappuzha, upande huohuo wa Vayalar, anapenda kuweka nyimbo za sinema za zamani kwenye simu tukiwa tunakunywa chai. Mie nauliza nani kaimba hii, yeye ananijibu kwanza nani katunga, halafu nani kaitia muziki, mwimbaji mwisho. Nikadhani ni tabia yake tu, kumbe wengi wao ndo hivo, na redio zao zimewazoesha, kabla wimbo haujapigwa unatajiwa mtunzi wa maneno, na kwa nyimbo za miaka ya 60 na mwanzo wa 70 jina hilo mara nyingi ni Vayalar, na anayemfuatia ni Devarajan, mtia muziki. Hawa wawili walikuwa pamoja kwa miaka mingi, Devarajan alitaka apewe maneno kwanza ndo atafute sauti, yaani ushairi unatangulia na muziki unaufuata, na ukisikiliza unasikia kabisa kwamba hakuna neno lililobanwa ili liingie.

Kabla ya sinema kuna wimbo mmoja lazima niutaje. 1957, Kerala ndo wamechagua serikali ya kikomunisti kwa kura, Namboodiripad kawa waziri mkuu wa jimbo, na Thiruvananthapuram, mji mkuu wao, unazinduliwa mnara wa kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru. Vayalar akaandika Balikudeerangale, anayaita makaburi ya waliojitoa mhanga, anaongea nayo kama watu, Devarajan akautia sauti, na baadae ukaingia jukwaani kwenye tamthilia. Mpaka leo kwenye mikutano ya chama unaimbwa. Sasa mwandishi wake ana miaka 29 na ametoka kijiji kilekile cha zile risasi za 46, hebu fikiria.

Halafu 1965 ikaja Chemmeen, filamu ya Ramu Kariat iliyotoka kwenye riwaya ya mwandishi wao Thakazhi, mambo ya wavuvi na mapenzi yasiyoruhusiwa, ikapata medali ya dhahabu ya Rais, na haikuwahi kutokea kwa filamu yoyote ya India ya kusini kabla yake. Muziki ni wa Salil Chowdhury, Mbengali, na huyu ni kinyume cha Devarajan, yeye sauti kwanza maneno baadae, na bado Vayalar hakutetereka. Manasa Maine kaimba Manna Dey, Mbengali mwingine, lugha si yake, na watu wa Kerala wanalia nayo mpaka kesho. Lakini mie wangu ni Kadalinakkare Ponore. Anaimbiwa anaekwenda ng'ambo ya bahari kutafuta dhahabu, anaulizwa ukirudi utatuletea nini. Uliandikwa kwa ajili ya wavuvi, wakati ule mafuta ya huku Ghuba bado hayajawavuta watu wao kwa wingi, miaka michache baadae nusu ya kila mtaa kule ina mtu Dubai au Kuwait au hapa Muscat, na wimbo ukawa wao bila kubadilishwa hata neno. Kaka yetu wa Alappuzha akiusikia hunyamaza kidogo. Na mie nyumbani Unguja nikipiga simu swali la kwanza ni hilohilo, utatuletea nini, kwa hivo naujua vizuri sana.

Kuna waliomlaumu, na mpaka leo utawasikia. Eti alikuwa na kipaji cha kuandika mashairi makubwa, kitabu chake Sargasangeetham kilipata tuzo ya akademia ya fasihi ya Kerala mwaka 1961, kwa nini ajimalize kwenye nyimbo za filamu, nyimbo kama 1,300 za watu kucheza mvuani! Hapa nakataa kabisa. Msokota makumbi hakinunui kitabu cha mashairi, mama anaepika asubuhi redio ikiwa wazi hakinunui, na hao ndo waliopigwa risasi 46, na hao ndo wanaimba mistari yake kwa moyo bila kufungua ukurasa. Sioni kapoteza nini.

Wimbo uliompa tuzo ya taifa ya mtunzi bora, wa filamu ya Achanum Bappayum, 1972, unasema binadamu aliumba dini, dini zikaumba miungu, kisha wote kwa pamoja wakagawana ardhi na wakagawana nyoyo. Mie Muislamu, mwanzo wake siukubali. Ila kule kugawana ardhi na nyoyo ni kweli tupu, tumekuona, na aliyeuimba ni Yesudas, Mkatoliki wa Fort Kochi, na taifa zima likapiga makofi mtu akisema maneno hayo ndani ya sinema. Kitabuni angesoma nani?

Na mwaka wa kufa kwake, 1975, kaandika wimbo wa Chandrakalabham, anauliza kama atapewa maisha mengine tena kwenye ufuo huu mzuri. Sitaki kusema alijua. Mtu wa miaka 47 ana mipango. Mtoto wake Sarath Chandra Varma nae amekuja kuwa mtunzi wa nyimbo za filamu, na tangu 1977 kuna tuzo ya Vayalar inayotolewa kila tarehe 27 Oktoba kwa vitabu vya Kimalayalam, lugha ya Kerala.

Sasa kinachoniuma ni sisi. Taarabu za zamani tunazijua kwa mwimbaji, tunazijua kwa kikundi, mtunzi muulize mtu kama anamjua, na maneno yenyewe ndo tunayoyatumia kwenye kanga na kwenye ugomvi wa mitaani. Bibi zangu na mama zangu mlioko Unguja na Mombasa mnawajua, nyie mliwaona kwa macho. Mkiweka kanda ya zamani mtajieni mjukuu nani katunga, na aandike, na mie nitumieni, nianze kuyakusanya hayo majina.