Mpiga Chapa wa Kibokoni na Uhaba wa Herufi A

Basi la saa kumi na mbili na nusu liliondoka Tanga saa mbili kasorobo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jirani yangu alikuwa na kiroba cha machungwa ya Muheza kilichonibana magoti mpaka mpakani. Mimi nilibeba begi moja, daftari na rula ya chuma. Rula ndiyo iliyomshughulisha afisa wa Horohoro. Aliishika, akaigeuza, akauliza kama mimi ni fundi cherehani. Nikamwambia napanga vitabu.

"Maktaba?"

Hapana, nikasema, napanga kurasa: ukubwa wa herufi, upana wa ukingo, nafasi kati ya mistari. Akanitazama kama aliyeambiwa kuna mtu analipwa kwa kupanga mchele sahanini. Akanigongea muhuri, nikapita.

Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa, yote kwenye kompyuta. Sikuwahi kushika herufi ya risasi hata moja, vile vipande vya madini vilivyopangwa kwa mkono na kupakwa wino. Rafiki yangu wa Mombasa ndiye aliyenieleza habari za mzee mmoja wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, marehemu sasa, aliyefanya kazi mchana katika kiwanda cha chapa cha watu, na usiku, nyumbani kwake, akachapa vitabu vyake mwenyewe kwa mashine ya mkono. Mjane wake amehifadhi kila kitu. "Lakini haonyeshi kila mtu," rafiki akanionya. "Nenda na adabu zako."

Msambweni na Ukunda nilizipita usingizini. Likoni niliamshwa, maana hapo abiria hushuka na kuingia ferini kwa miguu, bure, na basi huvuka na magari mengine. Tulisimama kwenye banda tumebanana, geti likafunguliwa, tukamwagika wote mteremkoni. Katikati ya maji upepo ukatoka baharini mkono wa kulia. Kushoto ziko meli za makontena, Kilindini. Kijana mmoja alikuwa akiuza korosho kwa sauti ya muadhini. Nikanunua, zilikuwa mbichi nusu.

Mjukuu wa marehemu alinipokea soko la Marikiti. Ni kijana mpole, mwanafunzi wa chuo, na alinipitisha Barabara ya Biashara kwa makusudi. Tulisimama mbele ya duka moja la kanga akanionyesha jina la kanga, ule mstari wa maneno chini ya mji, juu ya pindo. "Babu alikuwa akija hapa na uzi," akasema. "Anapima." Anapima nini? Nafasi kati ya herufi na herufi. Muuza duka alimzoea, akawa anamwekea kiti. Hapo nikajua sijapoteza nauli, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuchelewa arusi kwa kusimama nyuma ya mwanamke nikikagua jina la kanga yake, herufi kubwa tupu, zilizosogezwa au kubanwa ili sentensi ndefu na fupi zote zikae mahali palepale. Yule mama alidhani nasoma fumbo ananipigia mimi.

Nyumba yenyewe ina baraza ya mawe na ngazi iliyosimama wima kama ya mnazi. Bi mkubwa, mjane wa marehemu, alikuwa ukumbini juu. Nikamwamkia, shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza hali ya Tanga mtaa kwa mtaa kabla hajaniruhusu kutaja nililojia. Ikaja kahawa tungu, ikaja haluwa. Ndipo akasema:

"Haya mwanangu, wataka kutazama au wataka kutwaa?"

"Kutazama tu, mama."

"Maana wako waliokuja wakasema watazama. Wakapiga picha, wakaomba na karatasi mbili tatu za kwenda kutia mashini, watazirudisha. Mpaka hii leo nawangoja."

Sikuwa na la kujibu. Watu wa Mombasa wana sababu ya kuhofu wageni wanaopenda karatasi. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wao mkubwa aliyekufa yapata 1840, yaliokolewa vinywani mwa watu na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kwa kushirikiana na mmishonari William Taylor. Leo ukitaka kuziona karatasi hizo huendi Mji wa Kale, wenda London, chuo cha SOAS. Diwani ya kwanza ya Muyaka ilipigwa chapa Johannesburg, mwaka 1940. Nashukuru zimehifadhiwa. Ila kama ningekuwa Bi mkubwa, mimi pia ningeuliza swali lile lile.

Kasha ni la mkangazi. Ndani yake mna makopo ya biskuti, kila kopo na karafuu chache za kufukuza wadudu, na karatasi zimefungwa kwa uzi wa kushonea vitabu. Kadi za arusi, tanzia, kalenda zenye tarehe za Hijria na za Miladia bega kwa bega, matangazo ya maulidi, risiti za duka la mchele. Hizo alizichapa kwa pesa. Nilizipitia haraka, ingawa kalenda moja ilinishika: tarakimu za Kiarabu na za Kizungu zimepangwa kwa ustadi, hakuna inayoonekana mgeni wa mwenzake. Mombasa ni mji uliozoea hati mbili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa hapa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, aliitetea sana hati ya Kiarabu kwa kuandikia Kiswahili. Marehemu hakuwa mtu wa kubishana, aliziweka zote mbili kwenye karatasi moja akanyamaza.

Kopo la nne ndilo nililokaa nalo hadi magharibi.

Mlikuwa na vitabu vya mfano, vile ambavyo mpangaji hukunja karatasi tupu na kuchora kwa penseli maneno yatakaa wapi. Utenzi mmoja, mifano saba, na mikunjo yake bado imekaza. Tatizo lilikuwa utenzi wenyewe. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nanenane. Uviweke vinne chini kwa chini, kitabu kiwe kirefu chembamba kama orodha ya sokoni? Au viwili kwa mstari, ukwapi, yaani kipande cha kwanza, upande huu, na utao, cha pili, upande ule, kama miswada ya zamani? Ukichagua hili la pili, uwazi katikati uwe mpana kiasi gani? Ukiwa mpana, jicho linashuka chini linasoma ukwapi wote kwanza. Ukiwa mwembamba, utao unameza ukwapi. Mzee alijaribu mara saba. Katika mfano wa tano aliandika pembeni neno moja: "pumzi". Nilipousoma ubeti kwa sauti nikaelewa. Uwazi ule una upana wa pumzi unayovuta katikati ya mstari.

Ukubwa wa kitabu hakuuchagua. Uliamuliwa na mashine, nayo iko pale pale pembeni mwa dirisha, imefunikwa kanga: Adana Eight-Five, nyekundu, mkono mmoja wa kuvuta chini, na juu yake sahani ya duara ya wino inayojizungusha kidogo kila unapovuta. Inachapa inchi nane kwa tano, basi. Imetengenezwa Uingereza kwa ajili ya watu wanaochapa nyumbani, na kule watu hao wana historia ndefu. William Morris alianzisha Kelmscott Press, Hammersmith, mwaka 1891, akachora herufi zake mwenyewe, na mwaka 1896 akamaliza kitabu cha Chaucer, mshairi wa kale wa Kiingereza, kilichojaa mapambo hadi ukingoni. Katika kopo mlikuwa na picha ya ukurasa wake, imekatwa kutoka gazeti. Mzee hakumfuata. Kurasa zake hazina hata ua moja. Nadhani alikuwa sahihi, lakini mimi nina upendeleo wangu: Morris huwa ananichosha macho.

Kisha nikafungua bahasha ya prufu, kurasa za kujaribia chapa, na hapo nikadhani mashine iliharibika. Kurasa zilikuwa na vidoa vyeusi, viwili viwili, kama nyayo za ndege, katikati ya maneno. "M" kisha nyayo, "m" kisha nyayo. Mjukuu akacheka. Ni herufi a, akasema. Hazikutosha.

Alinieleza alivyoelezwa na babu yake. Herufi za risasi huuzwa kwa seti, na seti hizo hupangwa kwa hesabu ya Kiingereza. Kiingereza kinakula e. Sanduku la herufi la Kizungu, kisanduku cha e ndicho kikubwa kuliko vyote. Kiswahili kinakula a. Tazama jina la mji wenyewe, Mombasa. Tazama "tanga", "mahaba", "haraka". Ubeti wa utenzi una mizani thelathini na mbili, maana yake irabu karibu thelathini na mbili, na ule utenzi ulikuwa na kina cha bahari cha -wa, kila ubeti unafunga kwa a nyingine. Kabla hajafika ubeti wa tatu, kisanduku kimekauka. Mpiga chapa akiishiwa herufi huweka nyingine yoyote ya unene unaolingana, kichwa chini, ili kushika nafasi. Mguu wa herufi ya risasi una mfereji katikati, ndiyo maana ukichapwa unaacha vidoa viwili.

Kwa hiyo kitabu kilichapwa ukurasa mmoja mmoja. Anapanga beti mbili, anachapa nakala zake zote, anazisafisha herufi kwa mafuta ya taa, anazirudisha visandukuni, anaanza ukurasa unaofuata kwa a zile zile. Pembeni mwa kila prufu mna vijiti vya penseli, tanotano, hesabu ya a. Ukurasa wa tisa vijiti vimezidi. Alikwenda kwa mshairi, mtu wa mtaa wa pili, akamwomba ampunguzie a tatu.

"Akasema nini?" nikamuuliza Bi mkubwa.

"Akasema, kwani mimi nimekukopa? Wakakaa mwezi hawasemezani." Akatengeneza mtandio wake. "Kisha akampunguzia mbili. Ya tatu alikataa kabisa."

Nilitafuta ukurasa wa tisa kwenye kitabu kilichokamilika. Mstari wa mwisho, neno la kwanza, herufi a imelala kidogo na ni nyembamba kuliko wenzake. Imetoka katika seti nyingine, pengine ya kadi za arusi. Kama hujui huioni. Mimi sasa sioni kitu kingine.

Nikauliza herufi zenyewe ziko wapi. Bi mkubwa akaelekeza kidevu dirishani, upande wa Bandari ya Kale. Alipofariki, vijana wa nyumba waliona risasi ni risasi, wakaiuza kwa kilo kwa wavuvi. Wakaiyeyusha wakatengeneza chubwi za mishipi. Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya samaki. Mimi ndiye niliyeweka kikombe chini. Nilimsimulia habari za Cobden-Sanderson wa Doves Press, kiwanda kingine cha chapa cha Hammersmith, aliyegombana na mshirika wake Emery Walker, na kuanzia 1916 hadi Januari 1917 akawa anakwenda darajani usiku na kutupa herufi zao mtoni Thames, ili mwenzake asizirithi. Mwaka 2014 wapiga mbizi wakaokota mia na hamsini.

"Kwa kusudi?" akauliza.

"Kwa kusudi, mama."

"Huyo alikuwa na njaa?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. Wavuvi angalau walipata samaki.

Si zote zilizouzwa. Mjukuu alileta droo moja, wavuvi hawakuikuta kwa sababu ilikuwa chini ya kitanda. E zilikuwa nyingi, zimechakaa kidogo. Lakini kisanduku cha q na kisanduku cha x vilinifanya nisogee dirishani. Zinang'aa. Herufi nyingine zote zina ule weusi wa wino unaoingia kwenye risasi na hautoki tena. Hizi ni nyeupe kama sarafu mpya. Zilikuja Mombasa na seti yake, zikakaa kisandukuni miaka yote hiyo, na Kiswahili hakikuwa na kazi nazo hata siku moja.

Nilipima, nikaandika, sikupiga picha. Bi mkubwa aliliona hilo, ingawa hakulisema. Adhana ya magharibi ilipoanza alifunga makopo mwenyewe, moja moja, akihesabu karafuu. Mlangoni akanishika mkono, akatia kitu kiganjani.

"Twaa hini. Sisi hatuna kazi nayo."

Kesho yake nilirudi. Feri, Ukunda, Lunga Lunga, safari hii karibu na dirisha. Horohoro afisa alikuwa yule yule. Aliitoa rula kwanza, akaikumbuka, akaiweka. Kisha akafungua mkoba mdogo wa pesa akatoa kile kipande cha risasi, urefu kama wa kucha ya kidole gumba na ushei, akakipandisha kwenye mwanga.

"Hii nini?"

"Herufi."

Akaikaza macho kichwani. "P," akasema.

"Hapana kaka, ni q. Iko kinyume, mpaka ichapwe."

Akaigeuza, akaitazama tena, akaigeuza mara ya pili. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kuguna. "Mimi naona p," akasema, akanirudishia, akagonga muhuri.

Sikubishana. Basi lilikuwa limeshawasha injini.