Nilikwenda Dar es Salaam Kuzungumzia Tuzo za Norwei

Nilikwenda Dar es Salaam kwa mwaliko wa kikundi cha wanafunzi wa lugha waliotaka kuzungumziwa juu ya jambo ambalo kwa kawaida hujadiliwa mbali sana na pwani yetu, yaani tuzo zinazotolewa ili lugha sanifu ya maandishi yenye watumiaji wachache izidi kuandikwa. Mfano waliouchagua wenyewe ulikuwa Nynorsk, mojawapo ya lugha sanifu mbili za maandishi za Norwei. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimelelewa katika Kimvita, lahaja ya mji huo, na kusomeshwa katika Kiswahili sanifu, na nadhani hiyo ndiyo sababu walinialika mimi badala ya mtaalamu wa Skandinavia, ambaye angeijua Norwei vizuri zaidi lakini swali lenyewe lisingemgusa nyumbani kwao.

Basi liliondoka Mombasa alfajiri. Pale Lunga Lunga na Horohoro tulishuka, tukagongewa mihuri, tukapanda tena, na sina la kueleza zaidi kuhusu mpaka huo kwa sababu siku hiyo ulitupitisha bila matata. Tulipokaribia Tanga nilimkumbuka Shaaban Robert, ambaye alizaliwa katika kijiji kilicho karibu na mji huo mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani serikalini, na akapewa tuzo ya uandishi ya Margaret Wrong katika zama ambazo mwandishi Mwafrika aliyeandika kwa lugha yake hakuwa na sababu kubwa ya kutarajia tuzo yoyote. Alikuwa pia mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo na wakati huohuo mmoja wa waliosimamia kipimo cha lugha iliyotuzwa, na jambo hilo lilinikaa kichwani kupita mashamba ya mkonge, kupita wauza machungwa wa Muheza, hadi tulipokata kona Segera kuelekea kusini.

Barabara kutoka Segera hadi Chalinze ni ndefu, nami niliitumia kupanga maelezo yangu. Nynorsk ina mwanzo unaojulikana vizuri kuliko lugha sanifu nyingi duniani. Norwei ilikuwa chini ya Denmark kwa karne kadhaa, hadi mwaka 1814, na maandishi yake yakawa Kidenmaki. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima kutoka Ørsta aliyejisomesha mwenyewe kwa kiasi kikubwa, alizunguka nchi kuanzia mwaka 1842 akisikiliza lahaja za vijijini na kuziandika. Alichapisha sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850, kisha akayasahihisha na kuyapanua yote mawili katika vitabu vya 1864 na 1873. Lugha aliyoipendekeza haikuwa lahaja ya mji mmoja. Aliijenga kutokana na yale aliyoyaona kuwa ya pamoja katika lahaja nyingi. Mwaka 1885 bunge liliamua kwamba lugha hiyo iwe na hadhi sawa na ile nyingine, ambayo leo inaitwa Bokmål, na mwaka 1892 sheria ikaziruhusu shule kuchagua ya kufundishia. Majina ya sasa ya lugha zote mbili yalianza kutumika rasmi mwaka 1929.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hukomea, kana kwamba kura ya bunge ilimaliza kazi. Ukweli ni kwamba Nynorsk ilipanda hadi kufikia takribani theluthi moja ya wanafunzi wa shule za msingi katikati ya miaka ya 1940, kisha ikaanza kushuka, na leo wanaofundishwa kwayo ni kama mmoja katika kila tisa, wengi wao wakiwa magharibi mwa nchi. Miji ilikua, shule ndogo za vijijini zikaunganishwa, na hata watoto wanaoanza katika Nynorsk, wengi wao huihama wanapofika shule za juu, kwa sababu magazeti makubwa, matangazo ya biashara na programu za kompyuta zinazowazunguka zimeandikwa kwa Bokmål. Hakuna anayewakataza kuendelea kuiandika. Wanaiacha kwa sababu kuiacha ni rahisi kuliko kuendelea nayo, na tuzo zote ninazozijua za Nynorsk zinapambana na wepesi huo.

Kibaha tulipita jua likiwa kali. Abiria wachache walijua, au walijali, kwamba kituo kikubwa cha elimu kilichopo hapo kilianzishwa mwaka 1963 kama mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki, Norwei ikiwa mojawapo, na kikakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Nilimweleza kijana aliyekaa kando yangu, akaniuliza kama hao Wanorwei walifundisha kwa lugha gani. Lilikuwa swali zuri, na sikuwa na jibu la kumpa kabla hatujaingia katika foleni ya malori iliyotusindikiza hadi kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka huko nilifika Kimara, nikapanda basi la mwendokasi hadi mjini nikiwa nimesimama njia nzima.

Asubuhi iliyofuata nilianza kwa duka la vitabu la barabara ya Samora, maana niliona si busara kuzungumzia tuzo za Norwei kabla ya kushika kwa mikono yangu vitabu vilivyotokana na tuzo zetu. Rafu ya washindi ipo. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ikifadhiliwa na kiwanda cha mabati cha Kenya na chuo kikuu cha Marekani, imezaa riwaya na diwani zilizochapishwa hapahapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Baadaye ikaja Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Nilifurahi kuona kwamba tuzo hii haiishii kwenye hundi na picha za magazetini. Serikali ilikusudia miswada iliyoshinda ichapishwe na ifike shuleni. Mtu aliyewahi kuhangaika na muswada wa mashairi atakubali kwamba uchapishaji ndiyo zawadi yenyewe, na fedha ni za kumfuta mwandishi jasho.

Habari ya kiwanda cha mabati ilinikumbusha mwenye meli mmoja wa Norwei, Melsom, ambaye mali yake ndiyo chanzo cha tuzo inayobeba jina lake tangu mwaka 1922, inayotolewa na shirika la uchapishaji la Det Norske Samlaget kwa waandishi na wafasiri wanaotumia Nynorsk. Meli za kule na mabati ya huku havina uhusiano wowote na ushairi, na sioni aibu yoyote katika hilo. Tofauti iliyonishughulisha ni nyingine: Samlaget lilianzishwa mwaka 1868, zaidi ya nusu karne kabla ya tuzo. Mchapishaji alitangulia, na tuzo ikamfuata.

Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilifika mapema ili nipitie majalada ya zamani ya jarida la ile Kamati ya Kiswahili. Watu wa Mombasa hatuwezi kuyasoma bila kinyongo kidogo. Mkutano wa mwaka 1928 ambao uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe, mji wa mshairi Muyaka bin Haji, mji ambao mmisionari Krapf alikaa akikusanya maneno ya kamusi yake, na Kimvita kikaachwa kikiwa nyumbani kwao. Kamati iliundwa mwaka 1930 ikianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi, kisha Makerere, ikapita Mombasa, na mwishowe ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuzwa kuwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ambayo leo imo ndani ya TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya chuo hicho. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Bila lugha sanifu moja, mtoto wa Kigoma na mtoto wa Lamu wasingesoma kitabu kimoja. Hata hivyo Aasen alikusanya lahaja akazichanganya, ilhali sisi tulichagua moja tukaziomba nyingine zisubiri katika ushairi, na huko ndiko zilikobaki.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika katika chumba chenye feni moja. Nilieleza kwamba tuzo za Nynorsk ziko za namna mbili, na kwamba ile namna inayosifiwa kidogo ndiyo iliyonivutia. Namna ya kwanza ni ya fasihi. Noregs Mållag, chama cha watetezi wa Nynorsk kilichoanzishwa mwaka 1906, kina tuzo ya fasihi iliyoanza miaka ya 1980, na kina nyingine ya vitabu vya watoto. Katika fasihi Nynorsk haihitaji kuhurumiwa: Tarjei Vesaas alipata tuzo ya Baraza la Nordiki mwaka 1964, na Jon Fosse alipata Nobel mwaka 2023, akiwa wa kwanza miongoni mwa waandishi wa Nynorsk. Namna ya pili hupewa wasio wasanii. Kituo cha Utamaduni wa Nynorsk, pamoja na umoja wa halmashauri zinazotumia Nynorsk, huwa na tuzo ya halmashauri ya mwaka. Vijana wa Norsk Målungdom hutoa kile wanachokiita ua la lugha kwa mtu, kampuni au ofisi ambayo imeitumia Nynorsk mahali ambapo haikutarajiwa.

Mwanafunzi mmoja wa kike, mwenyeji wa Pemba, alisimama akasema kwa adabu kubwa, “Samahani mwalimu, halmashauri inatuzwa kwa kufanya nini hasa? Kwa kuandika barua?”

Nikamwambia ndiyo, kwa kuandika barua, na tovuti, na tangazo la kukatika maji, na fomu ya kumwandikisha mtoto chekechea. Chumba kilicheka, naye akacheka, lakini kuanzia hapo maswali yote yakaelekea huko. Niliongeza kwamba chini ya tuzo hizo iko sheria. Taasisi za serikali kuu za Norwei zinatakiwa kutumia kila moja ya lugha hizo mbili kwa angalau robo ya maandishi yao kwa umma, na sheria ya lugha iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inaitaja Nynorsk waziwazi kama lugha inayohitaji kuendelezwa kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wachache. Vitabu vya shule sharti vitoke katika lugha zote mbili kwa wakati mmoja na kwa bei moja. Tuzo isiyo na mambo hayo chini yake ni paa lisilo na kuta, na kwa maoni yangu ndiyo maana tuzo za lugha ndogo katika nchi nyingi huishi miaka mitatu au minne kisha hazisikiki tena.

Jioni nilipelekwa Magomeni kwa mhariri mmoja mstaafu ambaye wanafunzi walisisitiza nimwone. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya Mombasa mtaa kwa mtaa kabla hajakubali kuzungumzia kazi. Nilipomweleza kwamba wanafunzi walikuwa wanafikiria tuzo ya maandishi ya lahaja, ikiwemo Kimvita, alinyamaza kwanza akimimina kahawa.

“Mwanangu,” alisema, “nani atahukumu? Mkinipa mimi muswada wa Kimvita, mkono wangu utasahihisha kabla jicho halijasoma. Miaka yote nimelipwa kuondoa mambo hayo.”

Nilimweleza kwamba Nynorsk imekuwa na kamusi na sarufi yake tangu Aasen, kwa hiyo mwamuzi ana kipimo kisicho cha Bokmål. Akasema basi jibu ninalo tayari. Kimvita, Kiamu, Kipemba na Kimakunduchi vina washairi na vina wataalamu waliovichunguza, lakini havina kanuni za tahajia ambazo mchapishaji anaweza kuzikabidhi kwa mhariri wake siku ya Jumatatu akaanza kazi. Nilijaribu kubisha kwamba ushairi wa Kimvita umeandikwa kwa karne nyingi, tena kwa hati za Kiarabu, bila kusubiri kanuni za mtu yeyote. Alikubali, kisha akaniuliza kama halmashauri yangu imewahi kuniandikia barua ya ardhi kwa utenzi.

Kabla ya kuondoka mjini nilikutana tena na wanafunzi, safari hii nje ya maktaba. Walikuwa wameshaandika rasimu ya nusu ukurasa, na ilikuwa na busara kuliko nilivyotarajia. Walikubaliana wasianze na riwaya wala ushairi, kwa kuwa washairi wa lahaja wataandika wapewe au wasipewe. Mwanafunzi wa Pemba alipendekeza tuzo ya kwanza iwe ya zahanati, shule au redio ya mtaani itakayoandika na kubandika matangazo yake ya mwaka mzima kwa lahaja ya watu inaowahudumia, sambamba na Kiswahili sanifu, na sharti la kushiriki liwe kuwasilisha orodha ya tahajia waliyoitumia, ili baada ya mashindano machache orodha hizo zilinganishwe na kuunganishwa. Mwenzake wa Bagamoyo aliuliza fedha zitatoka wapi. Ukafuata ubishi juu ya viwanda vya saruji, mabati na simu, ambao ulikuwa bado unaendelea dereva wa bajaji aliponiita kunikumbusha kwamba basi la Mombasa halimsubiri mtu.