Yule niliyemsoma ukumbini

Leo ni siku ya nne tangu ile hafla, na bado kila nikishika chaki nasikia sauti ya Mwalimu ikirudia lile swali lake. Wiki yenyewe haikuwa ndogo, maana mdogo wangu wa Pasua amejifungua salama, nami nimekabidhiwa idara ya sayansi pamoja na funguo za maabara ambayo bomba lake halijatoa maji tangu Pasaka. Hayo yote yamepita kama Hiace za Kiboriloni zinavyopita zikiwa zimejaa, na nilichobaki nacho ni swali la mzee wa miaka 71 aliyekuwa ameshika ngao ya mbao kwa mikono miwili.

Mnaonisoma siku nyingi mnamfahamu: ni yule mwalimu wangu wa Fizikia, wa baiskeli na koti la kahawia. Kata yetu ilipoamua kwamba Siku ya Walimu Duniani mwaka huu iwe ya kuwatunza wastaafu, nilimpendekeza bila kusita. Siku hiyo huadhimishwa kila tarehe 5 Oktoba tangu 1994, kukumbuka pendekezo la kimataifa la 1966 kuhusu hadhi ya walimu, ingawa kwetu mara nyingi huishia kwenye soda na hotuba. Safari hii kamati ilileta fomu, na ndani ya fomu kulikuwa na kisanduku cha kujaza falsafa ya ufundishaji ya mwalimu anayetunukiwa.

Nikapanda Uru kumuuliza mwenyewe. Nilimkuta anapogoa migomba, tukasalimiana, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafuta panga kwa jani na kusema, "Andika kwamba nilikuwa nawahi darasani, na nisipojua nilisema sijui."

"Hayo tu, Mwalimu?"

"Kwani wewe ulitaka yapi?"

Nakiri kwamba nilishuka mjini nikiwa nimenyong'onyea. Niliona aibu kupeleka sentensi moja mbele ya afisa elimu, hasa kwa kuwa wenzangu walikuwa wamejaza kurasa. Usiku ule nikaandika kwamba mwalimu huyu alimweka mwanafunzi katikati ya ujifunzaji, alijenga umahiri kwa mbinu shirikishi, na aliongozwa na Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Andiko lile ninaliheshimu, kwa kuwa lililaumu shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Lakini katika miaka yote aliyonifundisha sikumsikia Mwalimu akilitaja hata mara moja. Nililiweka kwa sababu linasikika vizuri kwenye kipaza sauti.

Nami ndiye niliyelisoma ukumbini. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, Mwalimu akavishwa kitenge na kukabidhiwa ngao. Aliponikaribia aliinama kidogo, kama alivyokuwa akiinama juu ya dawati la mwanafunzi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, yule uliyemsoma ni nani?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Haya," akasema, kisha akauliza Hiace za Uru siku hizi zinapakilia wapi.

Nimelipindua swali hilo kila upande. Kwanza nilijiambia kwamba alikuwa anatania, kisha kwamba alikuwa mnyenyekevu tu, na Baba Watoto ameshikilia kwamba mzee hakusikia vizuri kwa sababu spika zilikuwa zinapiga kelele. Alisikia. Mtu asiyesikia angeuliza nimesema nini, na yeye aliuliza nimemsema nani.

Jana usiku, nilipokuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yetu kwenye sanduku la bati, nikatoa daftari langu la maabara la kidato cha tatu, na tangu hapo mambo yamegeuka.

Mwaka ule Mwalimu alitusimulia habari za Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, aliweka maziwa ya askrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa, na alipofika shule ya Mkwawa akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ni Denis Osborne, mhadhiri aliyekuja pale kutoka Dar es Salaam, aliyekwenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, Mpemba akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa hapa juu ya Moshi. Darasa zima likamgeukia Mwalimu: ni kweli maji ya moto huganda kwanza? Akasema hajui, twende kesho.

Kesho yake alitangulia kama kawaida. Tulimkuta kwa mama mmoja wa Majengo aliyeuza askrimu, vikombe viwili vya bati vikiwa tayari na kipimajoto kimefungwa kwenye leso. Tuliingia kwa zamu kufungua friza, na yule mama akitugombeza kwamba tunamtolea baridi. Kikombe cha maji ya baridi kikaganda kwanza. Wanasayansi nao hawajakubaliana mpaka leo, kwa hiyo hatukuwa wajinga peke yetu.

Lakini mimi, kwa kumpenda Mpemba na kwa kudhani ndilo jibu linalotakiwa, niliandika kwamba cha moto ndicho kilichotangulia. Chini ya sentensi hiyo kuna mstari mwekundu uliokaribia kuchana karatasi, na neno moja lenye alama ya kuuliza: "Uliliona?" Nakumbuka nilimfuata ofisini kulalamika kwamba hata Mpemba alisema hivyo, naye akajibu bila kuinua kichwa, "Mpemba aliandika alichokiona yeye. Wewe uliona nini?"

Nilikaa sakafuni kando ya lile sanduku nikicheka peke yangu mpaka Baba Watoto akaja kutazama kuna nini. Kosa ni lile lile na msahihishaji ni yule yule. Tofauti ni kwamba safari hii hakuwa na kalamu nyekundu. Peter Tabichi wa Nakuru alipopewa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, sisi tusiomjua tulielezwa kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya kipato chake kusaidia wengine, na picha yake ikatukaa. Mimi nilikuwa na vikombe viwili vya bati, leso na friza ya Majengo, nikavificha nyuma ya mbinu shirikishi.

Nimeandika upya, nusu ukurasa, kwa mkono, na nimeanza na neno "aliwahi". Jumamosi nitampelekea Uru, iwapo nitapata nafasi, kwa kuwa mama mkwe amepiga simu alfajiri: ng'ombe aliyetarajiwa kuzaa wiki iliyopita bado hajazaa, tangu jana hagusi majani, na daktari wa mifugo hapokei simu.