Nilivyoifanya laini ya chama iongee na kompyuta

Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu, na laini ya chama nakaa nayo mimi. Kila Jumapili, hata chai haijamiminwa, swali ni lile lile: "Salio letu ni ngapi?" Nafungua menyu ya laini, M-PESA, akaunti yangu, salio, PIN, halafu tunasubiri SMS. Nikachoka. Nilikuwa na modemu kuukuu ya Wavecom, kifaa kinachotumia laini kama simu, ile ya kasha la chuma yenye waya wa siriali, nikaitia laini na kuichomeka kwenye kompyuta.

Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ndiyo iliyoanza kunisumbua. Programu yake ya kusimamia modemu, ModemManager, ilikuwa inaidaka ttyUSB0, yaani mlango wa modemu, kabla yangu. Nikaizima, nikafungua minicom, programu ya kuiandikia modemu amri, nikaandika AT, ile amri ya kuisalimu, ikajibu OK.

Sasa, ile menyu ni programu ndogo inayokaa ndani ya kadi ya SIM, na modemu haishughuliki nayo mpaka uiambie. Nikaandika AT+STSF=1, kisha AT+CFUN=1 ili iwake upya. Baada ya muda ukaja mstari mmoja: +STIN: 0. Maana yake kadi imeleta menyu kuu. AT+STGI=0 ikanionyesha menyu yote, kila chaguo na namba yake. M-PESA kwenye laini yangu ilikuwa ya pili, kwa hiyo nikajibu AT+STGR=0,1,2. Kadi ikarudi na +STIN: 6, orodha nyingine. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikaandika skripti, programu fupi ya kutuma amri hizo badala yangu. Ya kwanza ilikuwa ya kivivu: tuma amri, lala sekunde mbili, tuma inayofuata. Ilikubali. Nikairudia papo hapo nione kama si bahati, na hapo ikaharibika. Kikao cha kwanza kilikuwa hakijafungwa, kadi bado iko kwenye +STIN: 9, yaani SMS inatumwa, na mimi nishaanza kubisha hodi upya. ERROR. Skripti haikujali, ikaendelea na safari yake. Ilipofika kwenye PIN, ile alama ya > ya kusubiri maandishi haikutokea, kwa sababu hakuna aliyeuliza kitu. Tarakimu zangu nne zikaingia kama amri ya kawaida, modemu ikazikataa, na zikabaki zimeandikwa peupe kwenye faili la kumbukumbu. Nilibadilisha PIN usiku huo huo.

Nilikuwa nimeishika kazi kinyume. Nilidhani mimi ndiye ninayeiamuru kadi, kumbe kadi ndiyo inayouliza, mimi ni wa kujibu tu. Nikaandika upya. Skripti sasa inakaa kimya mpaka ione +STIN, inatazama namba inayoifuata, inayosema kadi inataka nini, ndipo inafungua mdomo. 1 ni maandishi ya kusoma, inayapokea. 6 ni orodha, inachagua kwa jina la kitu, maana namba ya chaguo inaweza kubadilika. 3 ni swali la kujaza, na hapo inapiga AT+STGI=3 kwanza isome swali lenyewe. 98 ni muda umepita, inaanza mwanzo. Na haigusi menyu kuu tena kabla ya kuona 99, kikao kimefungwa.

Lile jibu la STGI=3 lina kitu nilichokuwa nimekipuuza: kadi yenyewe inasema kama maandishi yaonyeshwe au yafichwe. Kwenye PIN inasema yafichwe. Kwa hiyo PIN naiandika kwa mkono kila mara, haihifadhiwi popote, na kumbukumbu inaandika nyota nne. Salio linakuja kwa SMS, +CMTI, taarifa ya ujumbe mpya, inabisha, AT+CMGR inaisoma.

Jumapili iliyofuata nikaja na kompyuta, nikasoma salio kabla hawajauliza. Mama mwenyekiti akainama, akakodolea ile skrini nyeusi.

"Mwanangu, hebu nionyeshe kwenye simu."

Nikachomoa laini.