Siku nilimlipia kukhu kuingia msitu wake mwenyewe

Jumapili tulikuwa msitu wa Karura hapa Nairobi, ile njia ya kushuka maporomoko, na kasichana kangu kakasimama katikati ya njia kakakataa kusonga. Juu ya mti kulikuwa na mbega, mama, manyoya yake meusi na meupe yamening'inia, na kifuani amekumbatia katoto keupe pe pe pe. "Baba, mbona mtoto wake ni mzungu?" Jamaa wawili waliokuwa wanakimbia wakacheka mpaka wakaanza kutembea. Nikamwambia mbega wote huzaliwa hivyo, weupe, halafu baada ya miezi kadhaa rangi inakuja yenyewe. Akauliza nani aliniambia. Nikasema kukhu, nyanya yangu. Tangu hapo sijalala vizuri, kichwa kinarudi tu Lirhanda, kile kilima cha msitu wa Kakamega.

Na hata hao wa Karura si wenyeji, waliletwa na malori kutoka Kipipiri miaka ya majuzi tu. Wa kukhu hawakuletwa na mtu.

Basi ilikuwa Desemba, mnajua Desemba ya kwetu vile huwa, Nairobi inahamia magharibi na nauli inapanda bila aibu. Mama watoto wakati huo hakuwa mama wa mtu, alikuwa amekuja kuonyeshwa ushago, na alikuwa amesoma mahali kwamba Kakamega ndio msitu pekee wa mvua wa kitropiki uliobaki Kenya, kipande cha mwisho huku mashariki cha ule msitu mkubwa uliokuwa unatoka huko Kongo. Akataka kwenda rasmi, na mtu wa kutuongoza. Mimi nlikuwa nimeingia huo msitu tangu utotoni kupitia nyuma ya shamba, bila tikiti, nikitumwa kuni. Lakini ukishakuja na mgeni lazima ujifanye.

Kukhu alikuwa anachambua maharagwe pale mlangoni, anasikiliza. Akauliza ni pesa ngapi. Nikamwambia. Akaweka ungo chini.

"Kila mtu?"

"Kila mtu, kukhu. Na ya mwongozaji kando."

"Mimi nalipia kibali cha kuni na natoka na mzigo kichwani. Nyinyi mnatoka na nini?"

"Picha."

Akasema kesho anakuja, anataka kuona wanauza nini humo ndani. Nikadhani ni mzaha. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshavaa gumbuti na ile sweta ya kanisa, fimbo mkononi, anatungoja sisi.

Pale Isecheno, tunapoingilia msitu, kijana wa kutuongoza alipomwona akapoteza rangi kidogo. Alikuwa mtoto wa jirani, wa ng'ambo ya mto, kukhu amemchapa utotoni kwa mambo ya mapera. Lakini alijikaza, akaanza maneno yake, ati msitu una kilomita za mraba 238 hivi, ati vipepeo ni zaidi ya aina 400, ndege zaidi ya 300, ati serikali iliutangaza kuwa msitu uliohifadhiwa mwaka wa 1933 na ule upande wa Buyangu ukafanywa hifadhi ya taifa 1985. Kukhu akamkatiza hapo kwa 1933. Akamwuliza na dhahabu ilipatikana lini. Kijana akasema 1931. Kukhu akatikisa kichwa, akasema walichukua ya chini, halafu wakachukua na ya juu. Akaendelea kutembea. Sisi tukabaki tumesimama na mwongozaji ambaye alikuwa na kitabu kizima cha majina ya Kilatini na hakuna hata moja lililofaa hapo.

Njiani sitasema sana, nyote mmeona picha. Mbega walinguruma asubuhi, huo mlio kama hujawahi kuusikia huwezi kuamini unatoka kwa mnyama anayekula majani. Shorobo mkubwa wa bluu, yule ndege, alivuka juu yetu na mama watoto akapiga kelele akamfukuza, picha hakuna. Tulionyeshwa mkuyu ule unaoanza juu, ndege anaacha mbegu kwenye tawi la mti mwingine, mizizi inashuka polepole mpaka ardhini, inamzunguka mwenyeji, inamnyonga, miaka ikipita mwenyeji ameoza ndani na mkuyu umesimama peke yake. Kukhu akasema huyo ni shemeji aliyekuja kukaa wiki moja.

Halafu hondohondo. Wale weusi na weupe wenye pembe juu ya mdomo, walikuwa kwa mti wa mutere wanakula matunda, na mabawa yao yanavuma ukadhani ni mashine. Kijana akaeleza kwamba wakati wa kutaga jike huingia ndani ya shimo la mti, mlango unazibwa kwa udongo, inaachwa nafasi ndogo tu, na dume ndio anamletea chakula wiki baada ya wiki. Mama watoto akasema hiyo ni jela. Kukhu akasema, "Kuletewa chakula bila kwenda soko la Shinyalu? Hata mimi ningesaidia kuziba." Hao wawili waliongea juu ya hiyo maneno mpaka juu ya kilima na mimi sikuulizwa kitu.

Pia alinusa mukombero, ule mzizi wa kutafuna, mahali, akasimama, akaelekeza fimbo kichakani bila kuangalia. Kijana akamwambia kwa heshima zote, mama, hapa hatuchimbi. Akasema sijachimba, nimesalimia.

Sasa Lirhanda. Ukifika juu unaona msitu wote umelala chini yako na ukingo wa Nandi kule mbele, watu huja kuona jua likichomoza. Sisi jua lilikuwa limeshatoka kitambo kwa sababu ya mambo ya hondohondo. Na kwenye hicho kilima kuna shimo la zamani la dhahabu, limechimbwa kuingia ndani ya mwamba, siku hizi ni la popo. Kijana alikuwa na tochi, akasema anayetaka aingie, dakika chache tu. Mama watoto alinusa mlango akasema yeye ni mgeni, atalinda mikoba.

Kukhu akampa sweta.

Nikamwambia kukhu, hapo ndani kunateleza. Akasema babake alifanya kazi kwa mashimo ya wazungu na yeye alikuwa akitumwa na uji, akiwa msichana mdogo, ila hakuruhusiwa kupita mlangoni. Ni hapa? Hajui. Pengine hapa, pengine Rosterman kule karibu na mji, ile iliyofungwa 1952, pengine kwingine, kulikuwa na mashimo mengi na mtoto haulizi jina la shimo. "Shimo ni shimo," akasema. Akainama, akaingia, kijana mbele na tochi, mimi nyuma.

Ndani kuna joto la ajabu na ile harufu ya popo, kali, inakamata macho kabla ya pua. Chini ni laini, unakanyaga kitu na hutaki kuuliza ni nini. Dari iko chini, mimi nlikuwa nimejikunja, kukhu alikuwa anapita wima kabisa, na mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa ukuta kila hatua, pale palipobaki alama za kuchongwa, anapapasa vile anapapasa ng'ombe kabla ya kununua. Maji yanadondoka mahali. Kijana akamulika juu tukawaona, wamejipanga wamening'inia, vimacho vinawaka. Akaanza kueleza popo ni wa muhimu aje kwa wadudu. Kukhu akamwambia azime.

"Tochi?"

"Na mdomo."

Akazima. Giza la Nairobi huwa si giza, sisi tunaishi na mataa hata stima ikipotea, hilo lilikuwa giza ambalo unafumba macho na kufumbua na hakuna tofauti. Nlikuwa nasikia pumzi yake. Nikasikia fimbo imegonga mwamba. Halafu akaita jina la babake, kwa nguvu, vile mtu anaita ng'ambo ya mto.

Lile jina ni langu. Mimi ndiye nilirithishwa. Na miaka yote nikiitwa na huyo mama kwa sauti hiyo mwili wangu huwa unajibu kabla ya akili, kama hujibu unajua matokeo. Nikasema, "Naam!"

Ikazunguka mle ndani, naam, naam, na popo wote wakaachia dari kwa pamoja. Sikuona kitu lakini nilihisi kila kitu, upepo kwa shingo, kwa masikio, vitu vinapita kati ya mikono, kijana anamwita Yesu, anatafuta kiwashio cha tochi, na katikati ya hizo vurugu zote kukhu hakusonga. Nlikuwa nimeshika nyuma ya gauni lake kwa hivyo najua. Alikuwa wima, na alikuwa anatetemeka, na mpaka leo siwezi kuwaambia ilikuwa kicheko ama ilikuwa nini.

Tochi ilipowaka alikuwa ameshageuka anatoka. Akanipita bila kuniangalia. Nje akachukua sweta, akaketi juu ya jiwe, akamwuliza mama watoto kama watu wa kwao nao huzaliwa na aibu ama wanajifunza, maswali ya kawaida. Kurudi chini alitembea mbele yetu sote. Nilitaka kumwuliza aliniita mimi ama alimwita yule mwingine, lakini unaanzia wapi, na pia niliogopa jibu la kwanza.

Jumapili iliyofuata kanisani akaomba nafasi ya ushuhuda. Mimi niko benchi la nne nimekunja mikono. Akasema ameingia kwa lile shimo, akamwita babake aliyemwacha akiwa msichana, na babake akamwitikia. Kanisa likalipuka, vigelegele, mzee mmoja akatoa machozi. Hakunitaja. Mama watoto akanigonga kiwiko hivi, anangoja nisimame. Wewe ungesimama?

Kukhu hayuko tena. Mwaka jana binamu yangu alipeleka wageni Lirhanda, na mwongozaji, sijui ni yule ama wamerithishana, akawaambia kwa hili shimo mama mmoja aliwahi kuita marehemu na sauti ya mzee ikajibu, nzito sana. Nzito. Binamu aliniletea hiyo habari akidhani nitashtuka. Mama watoto anasema nipige simu nirekebishe maneno kabla hayajaandikwa mahali, mimi nasema sauti yangu asubuhi huwa nzito kweli, na hilo ndio jambo tunabishania hapa nyumbani wiki hii, maana mtoto naye ameshaanza kuuliza Desemba tunaenda kwa popo saa ngapi.