Mteja Anadai

Jumamosi usiku

Jobukadi tatu, zile karatasi ambazo gereji huandika tatizo la gari, ziko mezani mbele yangu, nimezipanga kama karata. Mbili zinasema gari langu ni zima. Ya tatu, ya leo, ina alama ya kidole cha grisi pembeni, na ndiyo pekee ninayoiamini.

Mnaonisoma mnajua kwamba Januari nilinunua gari jipya. Jipya la kweli, zero kilomita, viti bado vina nailoni. Kwa miaka 12 nimeendesha yaliyotumika Japani: kwanza Vitz, kisha IST ambayo kila asubuhi ilinisalimia kwa Kijapani nisielewe neno, mpaka nikaizoea kama mpangaji mwenzangu. Magari yale ukiyanunua unanunua na kasoro zake, wala huna wa kumlaumu. Hili nililichukulia mkopo wa miaka 5 ili nami nipumzike kushinda gereji. Mama alikuja kutoka Muheza, akalizunguka akisoma dua, akanyunyiza maji kidogo kwenye tairi. Siku hizi namtania kwamba labda maji yalianzia pale.

Wiki ya tatu mwanangu mkubwa, ambaye hukaa mbele kushoto, alifika shule soksi zimelowa. Nilimgombeza. Nani tena kama si yeye na chupa lake la maji? Akasema siyo yeye, nikamwambia asinijibu. Kesho yake alikaa nyuma na zulia la mbele likalowa vilevile.

Nikaenda kituo cha sevisi. Sitakitaja jina, kiko barabara ya Nyerere kama vilivyo vingi. Nilikwenda nimetulia kabisa. Waranti yangu ni ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, na kwenye dashibodi nilikuwa na kilomita 1,140. Nilijua ni jambo la nusu saa, nirudi kazini.

Kijana wa mapokezi alikuwa na shati jeupe na adabu zake zote.

"Gari umeioshea wapi, dada?"

"Sijaiosha bado."

"Kuna dirisha uliacha wazi?"

"Hapana."

"Watoto huwa wanapanda na maji?"

Hapo nilimeza mate kidogo, maana swali hilo nililiuliza mwenyewe siku mbili nyuma, tena kwa ukali kuliko yeye.

"Na shemeji anasemaje?"

"Shemeji yako hana hata leseni."

Akacheka, akajaza kadi. Imeandikwa Kiingereza, nikamwomba anisomee kwa Kiswahili nisikie alivyonielewa. Akasoma: "Mteja anadai kuna maji kwenye zulia la mbele kushoto."

Anadai. Nikamwambia aje tukaweke mkono. Akaja, akauweka, ukatoka umelowa, akajifuta kwenye suruali. Kwenye kadi mteja akabaki anadai.

Niliondoka na neno hilo likinikera kuliko maji yenyewe. Kwa sababu nalijua. Mimi ni mtu wa kaunta. Mwaka wa tisa huu nakaa nyuma ya kioo nikipokea malalamiko ya bili, na sijui ni mara ngapi nimeandika "mteja anadai hajatumia kiasi hicho" huku bibi wa watu amesimama mbele yangu, nauli ya kurudia Mbagala ameifunga kwenye kanga. Neno lenyewe tunafundishwa kulitumia. Ukiandika "kuna maji", umekubali, na ukikubali bosi atakuuliza umekubali kwa mamlaka ya nani. Ukiandika "anadai" umelisogeza mezani kwa mwingine, na wewe saa kumi na moja unakwenda nyumbani.

Walilichukua asubuhi, wakanirudishia jioni. Hakuna hitilafu iliyoonekana. Gari lilikuwa limeoshwa linang'aa, zulia limekauka. Siku nne baadaye, soksi zikalowa tena. Safari hii nikatandika gazeti kule chini, likalowa, likawa ushahidi, nikapiga picha, nikarudi.

Mara ya pili lilikaa kwao siku tatu. Mimi na watoto tukarudi kwenye daladala, na nyumbani hakuna aliyesema kitu ila nilimwona mdogo akitabasamu. Siku ya kulichukua lilikuwa linanukia mahaba, wamepulizia marashi ya kila aina. Kadi: hakuna hitilafu iliyoonekana. Nikauliza wametafuta vipi. Kijana akasema walilimwagia maji kwa mpira juu, pande zote, kwa dakika 15, na tone halikuingia.

"Sasa maji yanatoka wapi?"

"Tunalifanyia kazi, mama."

Angalieni hapo. Mara ya kwanza nilikuwa dada. Ukishaitwa mama kwenye kaunta ujue unabembelezwa uondoke. Na ile "tunalifanyia kazi" ni yangu! Ni yangu mimi, naisema mara ishirini kwa siku, najua ndani yake hamna kitu. Nadhani hicho ndicho kilichonipandisha. Nilipiga kelele mpaka watu waliokuwa wakinywa kahawa wakashusha vikombe. Nilisema maneno ambayo mama wa Muheza asingependa kuyasikia. Kijana alisimama tu, mikono nyuma. Wakati natoka nilimwona kupitia mlango wa pembeni, amechuchumaa na mihogo yake ya kukaanga kwenye gazeti, tai ameitupia begani, lakini haili. Mihogo ameishikilia tu.

Sikurudi kumwambia kitu. Niliwasha gari nikaondoka.

Aliyenisaidia ni dereva wetu wa ofisini, mzee ambaye amestaafu mara mbili na mara mbili wamemwita arudi. Nilikuwa namlalamikia tu kwenye maegesho, kutuliza moyo. Akafungua mlango wa kushoto, akabonyeza zulia, akanusa vidole. Akasema haya si maji ya rejeta, yale yananukia utamu. Wala si ya mvua, hayana vumbi. Kisha akapiga goti, akachungulia chini ya gari.

"Umetoka Kinyerezi mpaka hapa na AC?"

"Na AC, mzee. Kwa joto hili?"

"Mbona chini pakavu?"

Sikumwelewa. Akanionyesha gari la bosi, lililoingia nyuma yangu: chini yake pana kidimbwi. Gari la uhasibu: kidimbwi. Hata ile pikapu kuukuu ya stoo, tone, tone, tone. Langu, la bei kuliko yote pale, lilikuwa juu ya lami kavu kama biskuti. AC inapopoza hewa ya Dar, akaniambia, unyevu wote ule unageuka maji, kama nje ya chupa ya soda baridi. Kuna kimpira kinayatoa chini. Kama hayatoki chini, na kuzimu hayaendi, yanaingia kwenye soksi za mtoto.

Miaka 12 ya kuendesha, na sikuwahi kujiuliza kile kidimbwi kinatoka wapi. Ndiyo maana hata wao hawakukiona. Walilimwagia maji juu, wakati gari lilikuwa likijinyeshea lenyewe ndani, tena AC ikiwaka tu, na wao walilipima limezimwa.

Wiki hiyo kila mtu alikuwa na ushauri. Binamu yangu aliyeko Marekani akanitumia sauti ya dakika tisa. Kule gari jipya bovu huitwa limau, majimbo yana sheria zake, ya kwanza ilitungwa Connecticut mwaka 1982, na likishindikana kutengenezeka kiwanda kinakupa jingine au kinakurudishia pesa. Sisi limau tunalikamulia samaki. Shemeji yangu wakili akaniambia hata hapa hatuko mikono mitupu: ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka kinachouzwa kiwe na ubora wa kuuzika, na ipo Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo inapokea malalamiko ya walaji. Ila akaongeza kwamba ukishalipokea gari na kulitumia kama lako, kulirudisha ni mlima, mara nyingi unabaki kudai fidia. Nikamwambia kudai nimeshazoea, nina kadi mbili.

Leo asubuhi, basi, mara ya tatu. Sikutoa ufunguo. Nilimwambia kijana yule yule, kwa sauti ya chini mpaka akainama kunisikia, kwamba naomba fundi mmoja aje akae na mimi ndani ya gari dakika 20, AC mwisho, tumesimama hapa hapa kivulini. Halafu tushuke tuangalie chini pamoja. Akasema utaratibu hauruhusu. Nikamwambia najua, na mimi nakaa kaunta. Akanitazama. Kisha akaenda ndani, akarudi na fomeni mwenyewe, mtu mzima wa ovaroli ya bluu, ndevu zina mvi.

Tulikaa. Fomeni ni Mdigo, wa Tanga, tukaongea bei ya nazi. Dakika 20 zilipokwisha tukashuka, akainama na tochi, akakaa kimya kitambo. Akamwita kijana naye ainame.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi ndiyo hivyo."

Kazi haikufika robo saa. Kimpira hakikuwa kimeziba wala kukatika, kilikuwa hakijachomekwa kikafika. Mtu kiwandani alikisukuma nusu akageukia gari linalofuata. Fomeni alifungua na zulia, akabonyeza sponji iliyo chini yake kwa ngumi, maji yakapanda kati ya vidole vyake kama chai unapokamua maandazi yaliyolowa. Mara zote mbili walikuwa wamekausha juu tu. Na nyaya zinapita mle mle.

Sponji mpya haipo stoo, itaagizwa. Hawajui lini. Na mlio wa kok-kok wa tairi la mbele kila ninapopanda tuta, ambao sijauandika humu kwa sababu ningejaza kurasa, fomeni ameusikia kwa masikio yake na kuniambia nilete Jumanne.

Kijana akachukua kadi kuijaza. Alianza, akasimama, akanitazama, akakata neno moja kwa wino, akaandika upya. Akanisomea bila kuombwa: "Kuna maji chini ya zulia, mbele kushoto. Mpira wa AC haukuchomekwa." Na tarehe, na kilomita. Nikamwambia kuhusu siku ile, samahani. Akasema, "Kawaida, dada."

Nimefika nyumbani saa nane na AC mwisho, nimeegesha chini ya mwembe. Sijavua hata viatu, mtoto wa jirani akaja mbio anagonga geti.

"Mama Zai! Mama Zai! Gari yenu inavuja!"

Nikamwambia iache, ivuje.