Mtambo wa upepo: anza na ncha ya panga

Ukipiga hesabu ya mtambo mkubwa wa upepo, tuseme wa Paje au Micheweni huku Zanzibar, usianze na mizunguko kwa dakika. Anza na mwendo wa ncha ya panga. Mtambo wa mapanga matatu huvuna vizuri zaidi ncha ikienda kama mara 7 hadi 9 ya kasi ya upepo. Chukua mara 8 na kipenyo cha mita 120. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unataka ncha iende mita 40 kwa sekunde, yaani mizunguko 6.4 kwa dakika. Upepo wa mita 10 unataka 80, yaani mizunguko 12.7. Ndiyo maana mitambo ya siku hizi hubadilisha mwendo, na kigeuzi cha umeme huhakikisha gridi inapata hezi 50 zake (hezi ni mara ngapi kwa sekunde).

Kikomo cha juu huwekwa na kelele. Nguvu yake hupanda takriban kwa kipeo cha tano cha mwendo wa ncha: ukishuka kutoka 80 hadi 70 inabaki kama nusu, ingawa sikio litasikia tofauti ndogo tu, desibeli 3 hivi. Nafuu hiyo inalipiwa kwenye giaboksi, kwani megawati zilezile kwa mwendo mdogo zinadai nguvu ya kusokota zaidi kwa asilimia 14: shafti nene, meno mapana, uzito juu ya mnara. Hata hivyo kwa vijiji vyetu vilivyokaribiana ningelipa. Mwendo mdogo pia huokoa ukingo wa mbele wa panga, ambao matone ya masika huula.

Kikomo cha chini husahauliwa, nacho ndicho kinachovunja vitu. Mnara wenye mtikisiko wa asili, yaani kasi ya kuyumba wenyewe ukisukumwa, wa hezi 0.3 hugongwa na mapanga matatu sawasawa na mtikisiko wake kwenye mizunguko 6 kwa dakika (mapigo 18 kwa dakika), na kuyumba huzidi kukua. Weka mwendo wa chini kabisa kwenye 7, au programu ivuke eneo hilo haraka bila kutulia hapo. Wakati wa maleleji, upepo ukiwa hafifu, utapoteza umeme kidogo, kubali.

Tena, hezi 0.3 ya kwenye karatasi hudhani msingi mgumu. Jiwe letu la matumbawe lina mapango ndani, na msingi ukilegea mtikisiko hushuka, ukiukaribia mzunguko wa rota (mapanga na kitovu chake) yenyewe, hezi 0.21 kwenye mizunguko 12.7. Chimba vipimo vya mwamba kwanza, kisha mnara ukishasimama pima mtikisiko wake halisi kabla ya kufunga namba za mwendo kwenye programu.